Kabla ya Julai: Kuandaa Bunduki na Shabaha kwa Mawindo ya Masafa Marefu

Mwezi wa Juni, malori ya mahindi yanapoanza kupanga foleni kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, wapo watu wachache wa Kongwa na Dodoma mjini ambao macho yao yako kwingine. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai. Mwenye leseni na bunduki ya raifo kabatini ana wiki chache za kujiweka sawa kabla hajaingia porini. Mwongozo huu ni wake. Unamhusu pia anayefikiria kuanza, na aliyezoea shotgun ya kanga na kwale ambaye sasa anataka kumpiga swala kwa mbali.

Tukubaliane kwanza maana ya mbali. Kwenye video za Wamarekani mtu anapiga mita 800 na kushangilia. Huku kwetu, kwenye vichaka vya miiba na migunga ya nyanda za kati, mita 100 ni umbali wa kawaida, mita 200 ni mbali, na mita 300 utaipata tu kwenye mbuga zilizo wazi. Kiwanja cha mpira wa miguu kina takribani mita 100 kutoka goli hadi goli. Viwanja vitatu mfululizo ndiyo mita 300. Mwongozo huu unaishia hapo, na sababu zake utaziona.

Karatasi kabla ya risasi

Uwindaji Tanzania unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na silaha zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa hiyo unahitaji leseni mbili: ya kumiliki bunduki, ambayo safari yake huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda hadi polisi, na ya kuwinda, inayotaja mnyama, idadi na eneo. Anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Muulize maeneo yaliyofunguliwa mwaka huu na wanyama walioruhusiwa. Usitegemee ya mwaka jana. Maeneo hufungwa na mgawo hubadilika. Mapori ya akiba kama Swagaswaga, Mkungunero na Muhesi yana taratibu zake, na leseni ya eneo la wazi haikuingizi huko.

Yapo makatazo ambayo yanagusa shabaha yako moja kwa moja. Huruhusiwi kupiga ukiwa ndani ya gari wala ukiwa umesimama kando yake. Sheria inataka uwe umbali wa mita 200 kutoka kwenye gari. Huruhusiwi kuvizia kwenye kisima cha wanyama, wala kuwinda usiku kwa tochi. Maana yake utatembea, utahema, na utapiga ukiwa na jasho machoni. Mazoezi yako yafuate hali hiyo.

Jambo jingine ambalo miongozo ya ng'ambo haitakuambia: acha nguo za mabakamabaka. Raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi ni kosa hapa nchini, na kuyavaa huku umeshika bunduki ni kujitafutia kesi. Vaa kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Epuka bluu na nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huvuta mbung'o.

Bunduki na risasi yake

Kwa swala pala, kongoni, ngiri au tandala, kaliba za .270, .308, .30-06 na 7x57 zinatosha kabisa. Nyati ni habari nyingine: kwake huanzia .375, na huyo si mnyama wa kupigwa kwa mbali. Usinunue bunduki nzito kwa kudhani ukubwa wa risasi utaficha ubovu wa shabaha. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua wengi wao kwa bunduki ndogo ya 7x57, kwa sababu alijua mahali pa kupiga na mkono wake haukutetemeka. Kazi yake leo hakuna wa kuitamani, lakini somo la kaliba limebaki palepale. Bunduki inayokupiga teke hadi ukafumba macho kabla ya kufyatua ni kubwa kuliko wewe.

Chagua risasi ya aina moja, kiwanda kimoja, uzito mmoja wa kichwa, kisha nunua ya kutosha mazoezi na mawindo kwa pamoja, kadiri leseni yako inavyoruhusu. Risasi za viwanda viwili tofauti, hata zikiwa na kaliba moja, zinaweza kutua mbalimbali kwa sentimita kadhaa kwenye mita 100. Uwe na kichwa cha risasi kilichotengenezwa kwa ajili ya kuwinda, kinachopanuka ndani ya mnyama. Kichwa kigumu cha kijeshi hupenya na kuacha tundu dogo, mnyama akakimbia na kufia mbali.

Usiache risasi kwenye dashibodi ya gari. Jua la Dodoma huzipasha moto kupita kiasi, na baruti yenye joto huongeza shinikizo ndani ya chemba na kubadilisha mwendo wa risasi. Ziweke kwenye mfuko wa kitambaa, kivulini.

Kuhusu mafuta: kidogo tu. Vumbi la huku ni jepesi na jekundu, na mafuta mengi kwenye bolti huligeuza kuwa tope linalosaga chuma. Pitisha kitambaa kikavu, kisha tone moja jembamba mahali chuma kinaposuguana na chuma. Ziba mdomo wa mtutu kwa kipande cha plasta, ili mchanga na wadudu wasiingie.

Darubini: nusu ya matatizo iko hapa

Mtu akikuambia bunduki yake imeharibika, mara nyingi skrubu za darubini ndizo zimelegea. Ukitoka lami ya Kibaigwa na kuingia barabara za vumbi, mtikisiko wa saa chache unatosha kuzifungua. Zitoe zote, zifute mafuta, zikaze kwa bisibisi inayoenea sawasawa, kisha chora mstari mdogo wa rangi ya kucha kati ya kichwa cha skrubu na kiti chake. Mstari ukivunjika, utajua skrubu imezunguka.

Weka darubini mbali na jicho kwa kiasi cha sentimita 8 hadi 9. Ikikaa karibu zaidi, teke la bunduki litakupasua nyusi. Ijaribu ukiwa umelala kifudifudi, maana hapo ndipo uso husogea mbele kuliko ukiwa umesimama. Ukuzaji wa mara nne hadi tisa unatosha. Ukizidisha, mitetemo yote ya mwili wako itaonekana, na mazigazi ya mchana yatamfanya swala acheze kama yuko ndani ya maji.

Kuziro bunduki

Kuziro ni kurekebisha darubini hadi risasi igonge unapolenga. Usifanye kazi hii porini kiholela. Mlio wa bunduki porini huleta askari wa wanyamapori kabla hujaokota ganda. Omba polisi wakuelekeze kwenye kiwanja cha shabaha kinachokubalika.

Tafuta kiroba, kijaze pumba au mchanga mkavu, ukifunge kiwe kigumu. Kilaze mezani chini ya mti wa mbele wa bunduki, usikiweke chini ya mtutu. Kiroba kingine kidogo kiwe chini ya kitako. Anza na mita 25, ili ujue angalau risasi inagusa karatasi. Kisha nenda mita 100. Piga risasi tatu kwa utulivu bila kugusa chochote kwenye darubini, hata kama ya kwanza imekwenda pembeni. Angalia kitovu cha matundu matatu, na hicho ndicho ukisogeze.

Darubini nyingi husogea milimita 7 hivi kwa kila kliki kwenye mita 100. Nyingine husogea sentimita moja. Imeandikwa kwenye kifuniko cha kitasa chake. Ukihitaji kushusha sentimita 7, ni kliki kumi kwa aina ya kwanza na saba kwa ya pili. Sogeza, piga tatu tena, uhakikishe. Acha mtutu upoe kati ya raundi na raundi hadi uweze kuushika bila kuondoa mkono, kwa sababu mtutu wa moto hutawanya risasi.

Kwa bunduki ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180, njia rahisi ni kuiweka igonge sentimita 6 juu ya kitovu kwenye mita 100. Hapo itagonga katikati kwenye mita 200. Kwenye mita 300 itakuwa imeshuka kama sentimita 27, na kwenye mita 400 karibu robo tatu ya mita. Tazama mrukio huo kati ya 300 na 400. Ukikosea kukisia umbali kwa mita 50 tu, risasi inapita chini ya kifua au inavunja mguu. Kwa hiyo kipima umbali cha leza ni kifaa cha kwanza kununua baada ya darubini, kabla ya kisu cha kifahari na kabla ya buti mpya.

Kuna zoezi jingine lenye thamani kuliko hayo yote. Amka, toa bunduki kabatini, nenda kiwanjani, piga risasi moja tu kwa mtutu baridi, weka alama, rudi nyumbani. Fanya hivyo asubuhi kadhaa tofauti, kwenye karatasi ileile. Porini hutapata risasi ya kupasha moto. Matundu ya karatasi hiyo yanakueleza wewe na bunduki yako mlivyo kweli.

Upepo wa nyanda za kati

Kiangazi cha Dodoma ni cha upepo. Alfajiri huwa shwari. Jua likipanda, saa nne hivi, kusi huanza kuvuma na mchana huwa haina huruma. Kwa risasi tuliyoitaja, upepo wa kilometa 16 kwa saa unaokuja kwa ubavu huisogeza kama sentimita 9 kwenye mita 200, sentimita 20 kwenye mita 300, na zaidi ya sentimita 35 kwenye mita 400. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ina upana wa sentimita 15 hadi 20. Hesabu inajieleza.

Jifunze kuusoma bila chombo. Ukiuhisi usoni tu na nyasi zinainama kidogo, ni chini ya kilometa 12 kwa saa. Majani madogo yakitikisika bila kupumzika, uko kati ya 12 na 19. Ukiinua vumbi na karatasi barabarani, umevuka 20. Usiusubiri mbuyu ukuonyeshe, maana wakati huo wa mwaka hauna jani. Tazama nyasi kavu, moshi wa tanuri la mkaa kwa mbali, na vumbi la bodaboda linaelekea wapi. Tazama hasa kule aliko mnyama, kwa kuwa upepo wa bondeni unaweza kuwa kinyume na ule wa hapo uliposimama. Mazigazi nayo ni mwalimu: yakipanda wima, upepo ni mdogo au unakujia uso kwa uso, yakilala upande, fuata yanakolalia.

Sheria ya mkono: upepo ukiinua vumbi, mwisho wako ni mita 150. Zaidi ya hapo sogea karibu au acha.

Mwili na triga

Mazoezi mengi hayahitaji risasi. Nyumbani, hakikisha chemba ni tupu, hakikisha tena, toa risasi zote chumbani, kisha lenga alama ndogo ukutani na ufyatue bila kitu. Msalaba wa darubini usiyumbe triga inapokatika. Bunduki nyingi za kisasa hazidhuriki kwa zoezi hilo. Kwa za zamani tumia ganda tupu la mazoezi. Dakika kumi kila jioni zitakusaidia kuliko boksi zima la risasi lililopigwa kwa pupa Jumamosi moja.

Pumzi: vuta, toa nusu au yote, kisha kuna kituo kifupi kabla ya kuvuta tena. Fyatua hapo. Kituo kikipita, usilazimishe, pumua upya. Triga ikandamizwe kwa ncha ya kidole, taratibu, moja kwa moja kuelekea nyuma. Baada ya mlio, baki umeikandamiza na jicho likiwa kwenye darubini hadi uone kilichotokea.

Tengeneza egemeo lako. Chukua fimbo tatu nyepesi na nyoofu, ndefu kufika machoni pako, uzifunge pamoja karibu na ncha kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uache panda ya kulaza bunduki. Zikitanuliwa chini, una miguu mitatu isiyoyumba hata kwenye nyasi za kiuno. Fanyia mazoezi hapo zaidi ya mezani, kwa sababu ukilala chini huku, nyasi zitakufunika na hutaona kitu. Kisha jaribu ukiwa umechoka: kimbia mita 100, weka fimbo, lenga, fyatua ndani ya sekunde kumi na tano.

Shabaha yako iwe kisosi cha chai, au karatasi iliyokatwa kwa ukubwa huo. Kina upana wa sentimita 15 hivi, sawa na mapafu ya swala kwa kipimo cha uangalifu. Anza mita 50, rudi nyuma mita 25 kwa 25, ukipiga kutoka kwenye fimbo. Umbali wa mwisho ambao unapiga kisosi mara tano kwa tano ndio umbali wako msimu huu. Ukikosa moja, sogea hatua moja karibu na shabaha. Andika namba hiyo kwenye kipande cha plasta ukaibandike kitakoni, uione kila unapoinua bunduki.

Mfuko wa safari

Maji lita nne kwa mtu kwa siku, si pungufu. Kisu chenye makali na jiwe lake. Kamba, mifuko ya kitambaa ya nyama, chumvi. Vizibo vya masikio. Bandeji pana na mkanda wa kuzuia damu. Darubini ya macho mawili, ili usimkague mtu au ng'ombe kwa darubini iliyo juu ya bunduki. Koti, kwa kuwa alfajiri ya Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na mikono iliyoganda haifyatui vizuri. Leseni zote mbili, halisi, kwenye mfuko wa nailoni.

Ukifika kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti na umpe salamu ya wenyeji, mbukwenyi, kisha onyesha karatasi zako. Muulize mifugo inachungwa wapi, nani ana mizinga ya nyuki, wapi wanachoma mkaa. Risasi ya .30-06 iliyokosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilometa 4. Na ardhi ya Kongwa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama tofali. Waingereza walioleta matrekta ya mradi wa karanga mwaka 1947 waliishuhudia ikiwashinda. Risasi inayogusa ardhi hiyo kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea na safari. Piga pale tu ambapo nyuma ya mnyama kuna kilima au mteremko wa udongo. Mnyama aliye juu ya ukingo, mbingu nyuma yake, hapigwi.

Kabla ya kuingia porini, piga risasi moja ya uhakika mahali ulikoruhusiwa. Barabara imekwisha kuitikisa darubini yako.

Pale porini

Subiri ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, nyuma kidogo ya bega. Kwenye mita 300 risasi hutumia karibu nusu sekunde kufika. Swala anayetembea atakuwa amehama nusu mita. Kwa hiyo anayetembea haguswi kwa mbali. Ukiwa kwenye mteremko mkali, iwe unapiga juu au chini, risasi hugonga juu kidogo ya ulivyozoea.

Baada ya mlio, jaza risasi nyingine papo hapo, kariri mti au jiwe alipokuwa amesimama, na utulie dakika 15. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, hatakuwa mbali. Damu ya kahawia yenye harufu ya majani ni ya tumbo, nawe una kazi ndefu mbele yako. Sheria inakudai umfuate mnyama uliyemjeruhi na umalize mateso yake. Utu nao unadai hivyohivyo. Mfikie kwa nyuma, bunduki tayari. Ikiwa nyama italiwa na Waislamu, aliyekubaliwa kuchinja awe kwenye msafara tangu asubuhi, kwa kuwa mnyama aliyepigwa vizuri hangoji mtu aitwe.

Jaza leseni yako pale pale kabla ya kupasua. Nyamapori isiyo na karatasi ni nyara ya Serikali mikononi mwa mtu asiye na kibali, na maelezo yako kituoni hayatasaidia. Mnyama uliyemkuta amekufa usimguse. Kimeta kipo, nacho huua watu.

Ukifuata yote haya, utagundua kwamba risasi nyingi ulizodhani zinahitaji mita 300 zingeweza kupigwa kwenye 120, kwa kutambaa dakika ishirini zaidi huku upepo ukiwa usoni. Fanya mazoezi ya mita 300 ili mita 150 ziwe rahisi. Na siku mnyama atakaposimama mbali kuliko namba uliyobandika kitakoni, iheshimu. Mwache aende, leseni ina siku nyingine.